Intaneti ya Nyumbani: Tupime Kabla ya Kulipa

Kampuni za intaneti hutangaza kasi: megabiti 10, 20 au 50 kwa sekunde. Mwanasayansi hana budi kuuliza kwanza kipimo chenyewe ni kipi. Ukubwa wa faili huhesabiwa kwa baiti, na baiti 1 ni biti 8. Basi filamu ya megabaiti 700, ikipita katika njia ya megabiti 10, huchukua sekunde 560, wala si 70.

Jambo la pili ni ucheleweshaji. Setilaiti iliyosimama juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka ardhini. Swali likienda na jibu likirudi kwa njia hiyo, karibu nusu sekunde hupotea, hata kasi iwe kubwa namna gani. Katika faiba, mwanga hukata kilomita 1,000 kwa sekunde 0.005 hivi.

La tatu ni njia ya akiba. Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na Tanzania ikaathirika sana. Yafaa kumwuliza mwuzaji: mkongo mmoja ukikatika, mawasiliano yatapita wapi?

Mwisho, tulitazame neno "hadi" katika tangazo. Njia moja hugawanywa kwa majirani wengi, nao wote huifungua jioni. Kwa hiyo mwanafunzi na apime kasi kwa jirani aliyekwisha kuunganishwa, asubuhi, adhuhuri na saa 2 usiku, kwa siku kadhaa. Kipimo cha usiku ndicho bidhaa inayouzwa. Mzazi anayejinyima ili mwanawe asome hastahili kuuziwa tarakimu tupu.