Ghala tumelisahau, dumuzi hakulisahau

Chukua chupa ya kioo iliyokauka vizuri. Tia mahindi hadi theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, ziba, tikisa dakika mbili tatu, kisha iache itulie kwa robo saa. Chumvi ikishika kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, yarudi juani. Isiposhika, yatiwe ghalani. Kipimo hiki hakihitaji betri, na kwangu kina maana kuliko droni tunazooneshwa kila Nanenane.

Maana kilimo cha kesho kikitajwa, mazungumzo huishia shambani: mbegu, mbolea, trekta. Baada ya mavuno, kimya. Dumuzi yeye hufanya kazi kipindi hicho. Mdudu huyu asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, akagundulika kwanza Tabora. Kenya wakulima wakambatiza Osama. Ukimwachia kihenge miezi michache, utakuta magunzi na vumbi. Mkulima anayelijua hilo huuza Julai, wakati debe halina bei, na Februari yuko dukani ananunua sembe kwa bei ya kuumiza. Huyo ndiye tunayemhimiza azidishe mavuno.

Unyevu nao huleta sumukuvu, ambayo huwezi kuiona kwa macho na moto wa jikoni hauiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, Makueni na Kitui zikiwemo, watu 125 walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikaua watu wapatao 20 Dodoma na Manyara.

Kinga ya dumuzi ipo: mfuko wa kinga njaa. Ndani una mifuko miwili ya plastiki, nje gunia la kawaida. Kila shingo hufungwa peke yake, kwa nguvu. Wadudu waliomo humaliza oksijeni wakafa, bila dawa. Ulibuniwa kwa ajili ya kunde za Kamerun, miaka ya 1980. Una dosari mbili: panya akiutoboa kazi imeharibika, na bei yake inazidi ya gunia la kawaida. Pia haufai kutiwa mahindi mabichi. Yataoza humo humo.

Basi ukienda kuwasalimu wazee msimu huu wa mavuno, kwenye ile sukari na majani ya chai, ongeza mifuko miwili mitatu. Chumvi wanayo.