Kwa nini faili huharibika mtambo unapozimika ghafla

JANUARI 21, 2004, gari la Spirit la shirika la NASA la Marekani lilinyamaza ghafla kwenye sayari ya Mirihi, siku 17 tu baada ya kutua.

Magurudumu yalikuwa mazima. Hitilafu ilikuwa katika kumbukumbu yake ya flashi, ya megabaiti 256. Faili zilikuwa zimerundikana humo hivi kwamba kompyuta ilipojaribu kusoma orodha yake ilikosa nafasi ya kufanyia kazi, ikajizima, ikawaka tena na kurudia kosa lile lile zaidi ya mara 60. Wahandisi waliiamuru iwake bila kugusa flashi, wakafuta faili, na Februari wakaipanga upya kumbukumbu yote. Spirit, iliyotarajiwa kudumu siku 90, iliendelea kuwasiliana hadi Machi 2010.

Kumbukumbu ya aina hiyo ndiyo iliyomo katika simu, king'amuzi cha televisheni na vifaa vya intaneti vya nyumbani. Je, mbona umeme ukikatika faili hupotea?

Flashi haifutwi neno kwa neno. Ni mithili ya ubao ambao mwalimu, ili asahihishe herufi moja, sharti anakili yote kwingine, aufute wote, kisha aandike upya. Umeme ukipotea katikati ya shughuli hiyo, hata maandishi yasiyohusika huweza kutoweka.

Isitoshe, kuhifadhi faili si tendo moja. Kuna yaliyomo, na kuna orodha inayoonyesha yalipo. Yaliyomo yakiandikwa na orodha isiandikwe, faili ipo lakini haionekani. Kinyume chake ni kibaya zaidi: jina lipo, ndani mna takataka. Na mara nyingi mtambo hutangaza kuwa umehifadhi ilhali data ingali katika kumbukumbu ya muda, inayofutika umeme unapokatika.

Mifumo kama JFFS2, iliyoundiwa Linux, huandika mabadiliko kwenye nafasi mpya na kuacha ya zamani mpaka hayo mapya yakamilike. Mtambo ukizimika, ukiwaka hurejelea nakala ya mwisho iliyo salama. Watengenezaji makini pia hutenga programu kuu katika sehemu isiyoandikwa kamwe wakati wa kazi, na kuongeza kapasita ya kuhifadhi umeme wa sekunde chache, unaotosha kumalizia uandishi. Vifaa vya bei rahisi aghalabu havina kapasita hiyo.