Spika mpya za gari: tatizo laweza kuwa mahali alipokaa dereva

MADEREVA wanaoshuka kutoka Namanyere, katika uwanda wa juu wa Ufipa, kwenda bandari ya Kabwe kandokando ya Ziwa Tanganyika, hupita mahali ambapo milima huzuia mawimbi ya FM. Hapo muziki hutoka kwenye flashi, na ubovu wa spika hudhihirika: mwimbaji husikika kana kwamba amefungiwa ndani ya mlango wa kulia.

Wengi hukimbilia kununua spika kubwa na kuzipanga nyuma ya viti. Fedha hizo mara nyingi hupotea bure.

Magari mengi nchini huagizwa Japani yakiwa yametumika, na usukani wake uko kulia. Spika ya mlango wa kulia iko jirani na goti la dereva, ya kushoto iko mbali. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, hivyo spika iliyozidi kwa nusu mita huchelewa milisekunde 1.5 hivi. Muda huo ni mfupi mno, lakini ubongo huutambua, nao huiweka sauti upande uliotangulia.

Baadhi ya redio za kisasa huweza kuichelewesha spika ya karibu. Isiyo na uwezo huo, sogeza mgawanyo wa sauti kidogo kuelekea kushoto, kisha punguza spika za nyuma hadi zisikike kwa mbali tu. Jaribu kwa sauti ya msomaji mmoja wa habari: inapaswa kutokea katikati ya dashibodi. Marekebisho haya humfaa dereva peke yake. Mwenye gari la abiria ni heri auache mgawanyo katikati.

Dukani, usivutwe na wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi, kwani hizo ni za kilele cha muda mfupi. Tafuta wati za kudumu, ambazo huandikwa RMS. Redio nyingi zilizokuja na gari hutoa wati zisizozidi 20 hivi kwa kila spika, na zimeundwa kwa spika za omu 4. Ukiziunganisha na za omu 2 zaweza kupata joto na kuungua.

Msimamie fundi. Akikosea chanya na hasi kwenye spika moja, besi hufifia hata kama spika ni ya bei mbaya. Asichane karatasi ya nailoni iliyo ndani ya mlango, maana ndiyo inayozuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari. Spika ikazwe barabara, la sivyo barabara ya vumbi na mashimo itaufanya mlango mzima utetemeke.

Anayeongeza amplifaya aweke fyuzi karibu kabisa na betri. Fyuzi iliyo kwenye amplifaya yenyewe haiulindi waya unaopita chini ya zulia, na waya huo ukichunika na kugusa bodi ya gari, moto huanzia hapo.