Anwani za Kumbukumbu za Mgonjwa: Kuelekeza Si Kulinda

Hospitali nyingi sasa huhifadhi kumbukumbu za wagonjwa katika mifumo inayofunguliwa kwa kivinjari cha intaneti. Kila ukurasa una anwani yake, kwa mfano /mgonjwa/4127/majibu/. Ni vyema mhudumu na mgonjwa waelewe anwani hiyo inavyofanya kazi, kwa kuwa usiri wa tiba unaihusu.

Tuchukue mfano wa Django, zana ya kuundia programu za tovuti iliyotolewa kwa umma mwaka 2005. Ndani ya programu iliyoundwa kwa Django mna orodha ya kanuni za anwani. Ombi linapofika, orodha husomwa kuanzia juu, na kanuni ya kwanza inayolingana na anwani ndiyo inayotumika, zinazofuata hazitazamwi. Isipopatikana hata moja, mtumiaji huoneshwa kosa namba 404, yaani ukurasa haupo.

Kwa hiyo mpangilio una uzito. Kanuni inayopokea neno lolote baada ya /mgonjwa/ ikitangulia ile ya /mgonjwa/mpya/, neno "mpya" litachukuliwa kuwa ni utambulisho wa mgonjwa, na fomu ya usajili haitafunguka kamwe. Dawa yake ni kutanguliza kanuni mahususi, au kuagiza kwamba sehemu hiyo ipokee tarakimu tu.

Hata hivyo, kanuni hizi ni kama mhudumu wa mapokezi anayesoma cheti na kuelekeza chumba. Hazimuulizi mtu kama anastahili kuingia. Mtengenezaji asipoweka ukaguzi wa ruhusa, aliyefungua 4127 anaweza kuandika 4128 na kusoma majibu ya VVU ya mtu mwingine. Kutumia namba ndefu zisizokisika hupunguza hatari, lakini hakuchukui nafasi ya ukaguzi huo, ambao hufanywa kila kumbukumbu inapoombwa.

Vilevile, jina, simu au ugonjwa visiandikwe katika anwani, kwani anwani hubaki katika historia ya kivinjari na katika kumbukumbu za seva.

Mhudumu, ukigundua kwamba kubadili namba kunafungua jalada lisilokuhusu, usiendelee kulisoma. Toa taarifa mara moja kwa kitengo cha TEHAMA na kwa uongozi. Nawe mgonjwa, unayo haki ya kuuliza ni nani awezaye kuona majibu yako. Siri ya mgonjwa hulindwa kwenye kompyuta kama inavyolindwa chumbani kwa daktari.