Nguzo ina yake, gari lina yake

Desemba 2023, kwenye kituo cha mafuta wanapopumzikia madereva wa malori huko London, mji mdogo wa jimbo la Ohio nchini Marekani, zilizinduliwa nguzo za kuchajia magari ya umeme. Kilikuwa kituo cha kwanza kufunguliwa kwa fedha za mpango wa serikali kuu uitwao NEVI. Sheria iliyotenga fedha hizo, dola bilioni 5, Rais Joe Biden aliitia saini Novemba 2021. Miezi 25 ilikuwa imepita.

Kwenye karatasi mambo yalinyooka. Kituo kila maili 50, yaani kilomita 80 hivi. Kisizidi maili moja kutoka barabara kuu. Kiwe na plagi nne, kila moja itoe kilowati 150 hata zote zikitumika kwa pamoja. Fedha zilipitia majimboni. Jimbo liandike mpango, upitishwe Washington, zabuni itangazwe, kisha umeme wa kutosha uvutwe hadi pale. Wapo walioita ucheleweshaji huo uzembe. Mimi siwaungi mkono moja kwa moja: aliyewahi kufika kituoni na chaji asilimia 6, akakuta plagi ni moja tu na imekufa, anajua kwa nini sharti la plagi nne liliwekwa.

Ila kilowati 150 ni uwezo wa nguzo, na gari nalo lina maneno yake. Chevrolet Bolt ya toleo la zamani haipokei zaidi ya kilowati 55, hata uichomeke wapi. Dereva wake atakaa karibu saa nzima. Hyundai Ioniq 5, kwa mujibu wa kiwanda, hutoka asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18, lakini kwenye nguzo ya kilowati 350. Kwenye nguzo ya NEVI ya kilowati 150, hapo nguzo ndiyo inayoibana.

Tena kasi yenyewe haibaki ile ile. Betri hujaa kama daladala. Abiria wa kwanza wanaingia mbiombio na kukaa wanapotaka. Wa mwisho konda anawapigia kelele "songa nyuma, songa nyuma", na kila mmoja anakula muda wa kumi waliotangulia. Ndivyo inavyokuwa baada ya asilimia 80: gari lenyewe linapunguza umeme ili betri isiumie. Wazoefu wa safari ndefu huchomoa hapo na kuondoka. Anayeng'ang'ania 100 anajichelewesha, na foleni nyuma yake inanuna. Majira ya baridi ya Ohio ni balaa jingine, maana betri ya baridi haipokei umeme kwa kasi. Ndiyo maana magari mengi ya sasa huipasha moto njiani, dereva akishaliambia gari anakwenda kuchaji wapi.

Februari 2025 serikali ya Donald Trump ilisimamisha mpango wa NEVI. Juni, mahakama mjini Seattle ikaamuru fedha zifunguliwe kwa majimbo 14, na Agosti ukatoka mwongozo mpya uliolegeza sharti la maili 50. Masharti yabadilike yasibadilike, ukikodi gari la umeme huko, usiridhike na namba iliyoandikwa kwenye nguzo. Muulize anayekukodisha: hili, kutoka 10 hadi 80, dakika ngapi?