Crown ya mwaka gani? Hesabu ya mnunuzi wa Musaga kabla ya kutuma dola

BUJUMBURA – Kwenye simu, picha tatu zinaweza kufanana kabisa: Toyota Crown nyeupe, viti safi, rimu zinang'aa. Moja ni ya 2006, nyingine ya 2010, ya tatu ya 2013. Kwa mfanyabiashara wa Musaga, kusini mwa jiji, kuchagua kati ya hizo si suala la urembo. Pengo la bei kati ya ya kwanza na ya tatu linaweza kuwa mtaji wa safari nzima ya biashara, na gari likishavuka Kobero halirudi mnadani Japani.

Hesabu hiyo imekuwa ngumu zaidi tangu Mei 2023, Benki ya Jamhuri ya Burundi iliposhusha thamani ya faranga dhidi ya dola. Dola ya kuagizia gari ni adimu, na petroli nayo ilikuwa shida kubwa mwaka 2024, foleni zikilala vituoni. Mwaka wa gari sasa unaamua mambo matatu kwa pamoja: litakunywa mafuta kiasi gani, spea zake zitapatikana wapi, na kesho litauzika kwa nani.

Vizazi vitatu, jina moja

Crown zinazoshindaniwa na wanunuzi wengi wa ukanda huu ni za vizazi vitatu. Cha kwanza, S180, kilitoka kati ya 2003 na 2008. Kikafuata S200, 2008 hadi 2012. Cha tatu, S210, kilianza Desemba 2012 na kwenda hadi 2018.

S180 na S200 zenye injini ya lita 2.5 hutumia V6 iitwayo 4GR-FSE. Ni injini tulivu, lakini hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo masizi hujikusanya kwenye valvu. Injini hiyohiyo iliwekwa kwenye Lexus IS 250, na Marekani malalamiko ya masizi yalifika mahali Toyota ikaanzisha mpango wa kuwahudumia wenye magari hayo. Gari likitetemeka likiwa limesimama, mnunuzi asikubali kuambiwa kuwa ni plagi tu.

Mabadiliko makubwa yalikuja na S210. Mbali na V6, kizazi hiki kilileta haibridi yenye injini ndogo ya silinda nne, lita 2.5. Katika kipimo cha Japani cha JC08, haibridi hiyo ilipewa kilomita 23.2 kwa lita, karibu mara mbili ya V6 ya lita 2.5 ya kizazi hichohicho. Barabarani, kwenye milima na foleni, hakuna anayefikia namba hizo, lakini pengo lenyewe linabaki. Mahali ambapo lita 20 huweza kutafutwa siku nzima, pengo hilo ni pesa.

Haibridi nayo ina gharama yake. Betri kubwa imekaa nyuma ya kiti cha abiria na hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari. Tundu la hewa likizibwa na vumbi au mizigo, joto la Bujumbura humaliza kazi. Kabla ya kununua, betri ipimwe kwa mashine ya uchunguzi, seli moja baada ya nyingine. Na Buyenzi, kwenye mafundi na spea za jiji, muulize fundi swali moja: betri na vipuri vya haibridi ameshavishika, au atajifunzia kwenye gari lako?

Kwa anayeogopa betri, S200 ni njia ya kati. Ni mpya kuliko S180, na haina mfumo wa pili wa kuharibika. Lakini asinunue haibridi ya S200 akidhani ni sawa na ya S210: ile imefungwa V6 ya lita 3.5, na haikuundwa kwa ajili ya mwenye kubana mafuta.

Mwaka upi hasa?

Neno "mwaka" lenyewe huwaponza wengi. Cheti cha Japani cha kusafirishia gari huonyesha mwezi na mwaka wa usajili wa kwanza, ambao unaweza kuchelewa nyuma ya tarehe ya kutengenezwa. Namba ya chesesi ya Kijapani haina tarakimu ya mwaka, ila herufi zake za mwanzo humtaja gari: GRS180 na GRS200 ni V6 za lita 2.5 za vizazi viwili tofauti, AWS210 ni haibridi ya S210. Tangazo likisema 2009 na chesesi ikisoma GRS180, uliza maswali.

Mercedes-Benz ina mtego mwingine. Kwenye magari ya soko la Marekani, tarakimu ya kumi ya chesesi huonyesha mwaka wa modeli. Kwenye E-Class za soko la Ulaya za aina ya W211, mahali hapo huonyesha upande wa usukani: 1 ni kushoto, 2 ni kulia. Anayesoma 1 na kudhani ni 2001 amepotea.

Kwa W211, miezi michache hubadili gari. Za mwanzo, kuanzia 2002, zilikuwa na breki za umeme za SBC. Mei 2004 kampuni iliita magari 680,000 kwa sababu ya mfumo huo. Katikati ya 2006 modeli iliboreshwa na breki za kawaida zikarudi. Hata hivyo, V6 za M272 za 2005 na 2006 zina sifa ya kulika gia ya shafti ya kusawazisha, na kazi hiyo hudai injini ishushwe. Hapo namba ya injini ndiyo mwamuzi, si mwaka wa kwenye tangazo.

Kesho litauzwa wapi

Jumuiya ni moja, lakini sheria za umri wa magari si moja. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8 tangu usajili wa kwanza. Uganda, kwa sheria ya 2018, imefunga mlango kwa magari ya miaka 15 na zaidi tangu kutengenezwa. Tanzania haijapiga marufuku, ila huongeza ushuru wa bidhaa kwa magari madogo yaliyopita miaka 8. Rwanda haitaki magari madogo ya usukani wa kulia, na Burundi ilifunga mpaka wake nayo Januari 2024.

Kwa hiyo Crown ya 2006 ikiingia Bujumbura, soko lake la kuuza tena ni Burundi yenyewe, na labda majirani wachache. Nafuu ya bei leo ni hasara siku ya kuuza. Kwa upande mwingine, kodi hukokotolewa kwa asilimia ya thamani, VAT ya Burundi ikiwa asilimia 18, hivyo gari jipya zaidi hulipiwa mara mbili: kwa muuzaji na kwa forodha.

Kabla ya kulipa

Magari mengi hutoka Dar es Salaam kwa magurudumu yake, yakiendeshwa na madereva wa IT hadi Kabanga. Ni zaidi ya kilomita 1,000 kabla mwenye gari hajalishika. Picha ya kilomita ipigwe bandarini na nyingine mpakani, pamoja na picha za tairi ya akiba, redio na betri.

Kisha kuna barabara za ndani za Musaga. Crown hukaa chini, karibu na ardhi. Mnunuzi apite njia ya kwenda kwake akiwa na gari dogo la rafiki kwanza. Njia ikigusa tumbo la gari hilo, fedha iliyotengwa kwa mwaka mpya zaidi huenda ikafaa zaidi kwenye gari la aina nyingine kabisa.