Figo na Kitoweo (2): Robo ya Steki

Juma lililopita tulimwacha mgonjwa akitoka kliniki na karatasi ya majibu mkononi. Akifika nyumbani hukuta baraza limeshakaa na hukumu imeshatoka: nyama basi, kuanzia leo ni ugali na mchicha.

Hukumu hiyo ina ukweli nusu. Protini ikishatumika mwilini, ini huigeuza naitrojeni yake kuwa urea, na urea hutolewa na figo kwa njia ya mkojo. Figo zikichoka, urea hubaki kwenye damu. Ndipo mtu hupata kichefuchefu na chakula kikakosa ladha. Lakini mwili ulionyimwa protini kabisa huanza kula misuli yake wenyewe, na misuli ikivunjwa hutoa urea ile ile. Mgonjwa anakonda na damu haisafiki.

Kwa hiyo tupime. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2024 unapendekeza gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa mtu mzima mwenye ugonjwa wa hatua ya 3 hadi ya 5 ambaye hajaanza kusafishwa damu. Mwenye kilo 60 anapata gramu 48. (Kiwango chako akipange daktari wako, si gazeti.)

Sasa twende buchani. Robo kilo ya steki mbichi, lile bonge linalojaa kiganja, ina protini gramu 50 hivi. Aliyeimaliza peke yake amekula posho ya siku nzima, na bado hatujahesabu ugali, ambao nao una protini, wala chai ya maziwa. Robo hiyo hiyo ikigawanywa kwa watu wanne, kila mmoja anapata gramu 12 au 13, na mgonjwa anakula na wenzake bila kutengewa sahani ya adhabu.

Mimi hunitia wasiwasi zaidi kilichomo sufuriani pamoja na nyama: chumvi, kisha vile vidonge vya kukoleza mchuzi ambavyo vina chumvi nyingi. Maini na dagaa wakavu wana fosforasi nyingi, madini ambayo yakizidi kwenye damu huwasha ngozi na kudhoofisha mifupa. Soseji ni mbaya zaidi, kwani fosfati inayoongezwa kiwandani hufyonzwa karibu yote. Ute wa yai, kinyume chake, una protini safi na fosforasi kidogo mno. Kiini ndicho chenye nyingi.

Halafu kuna jambo linalozichanganya familia nyingi. Mgonjwa akianza kusafishwa damu kwa mashine, hesabu inageuka. Mashine huondoka na urea, lakini huchukua na sehemu ya protini za mwili, hivyo kiwango hupanda hadi gramu 1.0 au 1.2 kwa kilo. Yule wa kilo 60 sasa anahitaji gramu 60 hadi 72. Nimemwona mzee akitoka kwenye mashine mara tatu kwa wiki, na nyumbani bado anapewa mchicha mtupu kwa sababu “daktari alikataza nyama”. Daktari alikataza kweli, mwaka juzi.

Maharage na choroko nimeviweka kando kwa makusudi. Vina kesi yao ya potasiamu, na ya maji ya kulowekea.

(Itaendelea)